Abee ya Kadzo

Magongo, Changamwe
9 Februari 2025

Kwako Pascalia,

Anwani yako nimepewa na Mama Selpher, baada ya kunikalisha kwenye kiti cha plastiki pale kwenu Ziwa la Ng'ombe na kunihoji kama askari. Alitaka kujua kijana wa Kibukusu ana habari gani za kumwandikia binti yake aliyekwenda utawani. Nikamwambia ni habari za muziki tu. Akacheka, akanitilia chai. Alisema mwaka huu wote wa unovisi, wa kujifunza utawa, hamshiki simu, kwa hivyo nimenunua bahasha. Mkono wangu umeshasahau kuandika, utanivumilia.

Chumba changu kiko vile ulivyokiacha. Lile godoro tulilolisimamisha dirishani ili kelele za malori zisiingie, sijalishusha. Nalala kwenye mkeka. Nikitoka yadi ya makontena jioni, naoga, nawasha kompyuta, navaa vipokea sauti. Ndio maisha yangu, na wazee walivyorudi Bungoma sina hata mtu wa kunigombeza.

Unaikumbuka Jumamosi ya mwisho kabla hujasafiri? Uliniimbia pambio tatu, ukasema nichague ninayotaka. Nimezisikiliza zote, ni nzuri, na hakuna hata moja ninayoitumia. Katikati ya pambio ya pili Mueni jirani alikuita kutoka uani, umalizie kumsuka. Nawe, bila kufikiri, ukaitika: "Abeee." Uliivuta ile sauti mpaka ikawa wimbo. Mueni hasikiki, godoro lilimzuia. Wewe unasikika wazi, na nyuma yako kimya.

Nimeikata hiyo abee peke yake na kuiweka juu ya ngoma yangu, ile ngoma ya house uliyosema ni kama mtu anayetwanga kinu kisicho na mahindi. Mapigo manne, yote sawa, hakuna linalomzidi mwenzake. Kila baada ya mapigo kumi na sita, unaitika. Naomba ruhusa yako niiendeleze.

Ni mimi, jirani wa Mueni,
Lenox Wafula


Magongo
23 Machi 2025

Pascalia,

Sijapata jibu. Labda barua yangu ilipotea, labda umeambiwa usiwaandikie vijana, au labda mimi ndiye nisiyejua kusoma kimya cha mtu. Naandika tena kwa sababu leo ni Jumapili, yadi imefungwa, na tangu asubuhi sijaongea na mtu isipokuwa muuza mahamri.

Uliwahi kuniuliza muziki huu umetoka wapi, nikakujibu nitakueleza siku nyingine. Nikueleze sasa, kwa kuwa huna pa kunikimbilia.

Ulitoka Chicago. Kabla yake kulikuwa na disko, na wako walioichukia disko mpaka mwaka wa sabini na tisa wakakusanyika uwanjani, katikati ya mechi mbili, wakalipua santuri zake kwa baruti na watu wakashangilia. Lakini mjini humo humo kulikuwa na ghala moja kuukuu ambamo watu weusi walikuwa wakikutana kucheza. Wengi wao walikuwa wanaume waliofukuzwa makwao kwa sababu ya wale waliowapenda. Hawakuwa na pengine pa kwenda. DJ wao alikuwa akichukua santuri zile zile zilizokataliwa, anaunganisha moja na nyingine bila kuacha mwanya, ili mtu asikumbuke kwamba kuna saa ya kurudi nyumbani. Inasemekana hata jina la house lilitokana na jina la Kiingereza la ghala hilo.

Baadaye vijana wakaanza kutengeneza yao vyumbani. Hawakuwa na pesa za bendi. Walinunua mashine ndogo za Kijapani ambazo wanamuziki wakubwa walikuwa wamezikataa, zinauzwa kwa bei ya kutupa. Moja ilikuwa ya besi. Unajua iliundwa kwa kazi gani? Imsindikize mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake, asiye na mwenzake wa kumpigia besi. Haikufaulu hata kwa hilo, mlio wake haufanani na gitaa hata kidogo. Wale vijana wakazungusha vifungo vyake mpaka ikalia kilio ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia.

Nilipolisoma hilo nilivua vipokea sauti nikalisoma tena. Ni muziki wa mtu mmoja chumbani, anautengeneza ili watu asiowajua wacheze pamoja. Na waimbaji wake wengi walitoka kanisani, kama wewe. Sauti ndiyo iliyokuwa ikikosekana kwangu, na uliponiachia hiyo moja ukaondoka.

Nina upweke, Pascalia. Nimeuandika ili usidhani nakuandikia habari za mashine tu.

Lenox


Nyumba ya Wanovisi
27 Aprili 2025

Kaka Lenox,

Pasaka njema. Ungemuuliza Mama Selpher vizuri badala ya kunywa chai yake angekwambia kwamba wakati wa Kwaresima huku hatuandiki barua wala hatupewi. Ya kwanza ilichelewa posta, kwa hivyo zako zote mbili nilikabidhiwa pamoja Jumatatu ya Pasaka. Nimezisoma nyuma ya zizi, kwa mpangilio usio sahihi, nikaanza na ile ya manung'uniko. Nilipofika kwenye kinu kisicho na mahindi nilicheka mpaka ng'ombe wakageuka.

Ndiyo, tuna ng'ombe. Mimi ndiye wa kukamua, mimi wa Ziwa la Ng'ombe ambako hakuna ziwa wala ng'ombe. Kuna baridi ambayo wewe hujawahi kuionja, inaingia kwenye meno. Kuna mashine ya kukamulia, na nikishaiwasha inapiga ile yako: mapigo sawa, hakuna linalomzidi mwenzake, na kati ya moja na jingine pumzi ndogo, tsi, tsi. Wiki nzima sasa nakamulia house. Usimwambie mtu.

Abee yangu unayo ruhusa kuitumia, ila jina langu usiliweke popote. Sikujua kama niliivuta hivyo. Huku hatuitani. Kengele ndiyo inayotuita, na kengele haiitikiwi, inafuatwa tu.

Nina ombi. Mtembelee Hawe, nyanya yangu. Masikio yake hayapatani na simu, na Mama anasema kila jioni anatoka mlangoni kuniita nikale kama zamani, anasahau kwamba nimekwenda. Kaa naye kidogo. Ukisikia akiniita Kadzo usishangae, ndilo jina langu la nyumbani, alinipa yeye.

Mimi niko salama na nina furaha. Nina furaha sana.

Pascalia


Magongo
18 Mei 2025

Pascalia,

Nimekwenda kwa Hawe mara tatu. Mara ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, kisha akauliza kama mimi ndiye fundi wa bomba. Mara ya pili akanikumbuka, akaniuliza bomba linaendeleaje.

Mara ya tatu nilibeba kompyuta na spika. Zile sauti za matoazi ya mashine zinazolia tsi tsi katikati ya mapigo hazikuwa zikinipendeza, zilikuwa kavu, na Mama Selpher aliniambia Hawe ana kayamba chini ya kitanda. Nikamwomba anitikisie. Akaliweka magotini, akafumba macho, na Pascalia, yule bibi hakukosea. Alisikiliza ngoma kidogo tu, akaingia pale hasa panapostahili, kwenye ile pumzi kati ya pigo na pigo. Vidole vyake vimepinda lakini mbegu za ndani zilimwagika zote kwa pamoja. Aliniuliza, "Na huyu mpigaji wako hachoki?" Nikamwambia ni mashine. Akasema basi ndiyo maana, mtu angekuwa ameshaomba maji.

Kisha ikafika abee yako. Hawe akaacha kayamba. Akamtazama mama yako, akatazama mlango. Ikaja tena. Nilidhani atalia, nikanyoosha mkono nizime, naye akanizuia. Akangoja. Akahesabu mwenyewe kichwani, sijui vipi, na kabla tu ya abee kufika, akaita: "Kadzooo!" Nawe ukaitika. Akacheka, Pascalia, mpaka kitambaa cha kichwa kikamvuka. Aliita tena na tena, kila mara kwa wakati wake, na kila mara uliitika. Mama yako alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Maikrofoni ilikuwa imewashwa. Nimeiweka sauti yake pale mbele ya yako, panapoachwa wazi. Miezi yote mitatu nilikuwa na jibu bila swali, nami sikujua kilichopungua. Sasa wimbo umetimia. Nimeupiga Jumamosi kule hotelini Shanzu ninakopigia muziki wikendi nyingine, kabla wageni hawajajaa, na wahudumu watatu wakaacha kupanga vijiko.

Nikikamilisha nitauweka mtandaoni, dunia nzima iusikie. Nambie neno.

Lenox


Nyumba ya Wanovisi
8 Juni 2025, Sikukuu ya Pentekoste

Ndugu Lenox,

Nakushukuru kwa kumtembelea nyanya yangu. Mungu akuzidishie.

Leo tumepewa majina yetu mapya ya kitawa. Hapa kwetu hutolewa Pentekoste. Mimi naitwa Emmaculate. Jina la zamani huwekwa chini, kama mtu anayevua viatu mlangoni, na Sista Mlezi, anayetufunza sisi wanovisi, ametuomba tuache pia vitu vinavyoturudisha nyuma.

Kwa hivyo naomba uiondoe sauti yangu kwenye wimbo wako, na uifute kila mahali ulipoihifadhi. Usiuweke mtandaoni ukiwa na sauti hiyo. Najua nilikuruhusu, na najua kazi uliyoifanya. Si kwamba muziki wako ni mbaya wala nauonea haya. Naomba tu, na naomba usiniulize sababu.

Niombee.

Novisi Emmaculate


Nyumba ya Wanovisi
11 Julai 2025

Lenox,

Jana walipiga simu ofisini wakaniita. Hawe amefariki. Mwaka huu wa kwanza tunaruhusiwa kwenda kumzika mzazi, na nyanya hahesabiwi kuwa mzazi. Sista Mlezi alinishika mkono, akaniambia atanitolea misa. Ni mtu mwema. Nikamwambia nimeelewa, nikaenda kukamua.

Kama hujaifuta ile sauti, usiifute. Nakuomba kuliko nilivyowahi kukuomba kitu.

Ulisema nisikuandikie neno la uongo, au hukusema lakini ndivyo nilivyosikia. Nakwambia kweli sasa. Barua yako ya Mei niliisoma nikiwa kwenye chumba cha kulia, wakati wa kimya. Nilipofika pale Hawe anapoita, nikaitika. Kwa sauti, Lenox, mbele ya wanovisi wote, wameshika vijiko. Hakuna aliyenicheka, na ingekuwa afadhali wangecheka. Nikaona nikiendelea kujua kwamba mahali fulani Changamwe kuna mtu ananiita na mimi namwitikia, sitaweza kukaa huku. Ndiyo maana nikakwambia ufute. Nilitaka kunyamaza upande ule ili niweze kunyamaza upande huu.

Sina furaha vile nilivyokuandikia. Nina amani siku nyingine, na siku nyingine nina upweke mpaka naongea na ndama. Lakini Hawe alikufa akiniita na nilimwitikia, kama wimbo wako ndivyo ulivyo. Hicho ndicho nilicho nacho. Usikifute.

Pascalia


Magongo
13 Julai 2025

Kwako Novisi Emmaculate,

Pole sana kwa msiba. Tumemzika Hawe jana, kwao Kaloleni, na nakuandikia ili ujue mambo yalivyokwenda, kwa kuwa hukuwepo.

Matanga yalikaa Ziwa la Ng'ombe siku tatu. Mjomba wako Kaingu alikodi spika kubwa kama ilivyo desturi, vijana wacheze na michango ipatikane, akaniambia nikae kwenye mitambo kwa kuwa wa bure ni mimi. Wanajumuiya wa kanisa waliimba vizuri. Alasiri ya Ijumaa, kabla mwili haujachukuliwa, kina mama wa Kigiriama wakataka kayamba, na mpigaji waliyemwita hakutokea. Wakaanza kunung'unika kwamba bibi anasindikizwa kavu. Nikasema kayamba ninalo, na ni lake mwenyewe.

Nilikuwa sijaifuta bado. Nilikuwa nimekuahidi moyoni nitaifuta mwisho wa Juni, kisha mwisho wa wiki, kisha kesho. Nikaupiga wimbo ule, ngoma kwanza, pole pole. Wale kina mama hawakuuliza ni muziki gani wala umetoka wapi. Walisikia kayamba la mwenzao, wakasimama. Mapigo manne sawa, wakayakanyaga uani, vumbi likainuka, na vijana wakaingia nyuma yao.

Kisha Hawe akaita, "Kadzooo!" Nawe ukaitika.

Watu walisimama wote. Mama yako alikuwa jikoni na mwiko mkononi, akatoka mbio mpaka kwenye lango kutazama kama umefika. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu, na wale kina mama wakajua la kufanya. Wakaanza kuita pamoja naye. Mmoja akaita jina la mwanawe aliye Saudia. Mwingine akamwita mumewe, na mumewe amezikwa zamani. Kila mtu alikuwa na wake. Spika ikawa inawaitikia wote kwa sauti yako. Nimesoma sana kuhusu lile ghala la Chicago, na nadhani siku hiyo nililiona.

Mama yako hakumwita mtu. Alibaki langoni mpaka wimbo ukaisha.

Leo, niliporudi kutoka Kaloleni, nimetimiza ulichoomba. Nimeifuta kwenye kompyuta, kwenye simu na kwenye fleshi, pamoja na zile pambio tatu. Sikuacha hata nakala moja, kwa sababu ningeiacha ningekuwa naisikiliza. Nilikupenda, Pascalia, nalisema mara hii tu, na kwa jina lako la zamani. Wewe umeitwa pengine, na mtu hawezi kuitika pande mbili.

Wimbo umebaki na ngoma, kayamba na sauti ya Hawe.

Lenox Wafula


Magongo
27 Julai 2025

Pascalia,

Barua yako ya tarehe kumi na moja imefika juzi. Barua zetu zimepishana njiani.

Nimempelekea fundi kompyuta, amekaa nayo siku nzima. Amepata picha za zamani na hesabu za yadi. Sauti yako hakuipata. Nilimuuliza Mueni kama yeye ana chochote, akaniambia hakujua hata kama siku ile ulikuwa unarekodiwa.

Nimeusikiliza wimbo ulivyobaki. Hawe anaita, kisha kuna ngoma na kayamba lake mwenyewe, halafu anaita tena. Siwezi kuumaliza. Nimejaribu kuziba ile nafasi kwa kinanda, nikaona aibu.

Nisamehe. Nilidhani nakutii.

Lenox


Nyumba ya Wanovisi
17 Agosti 2025

Lenox,

Barua yako ya matanga nimeisoma mara nyingi mpaka imechanika kwenye mkunjo. Ile ya pili nimeisoma mara moja tu. Usiombe msamaha. Nilikutuma, ukafanya, na hakuna mwingine ambaye angefanya.

Nataka nikujibu yale uliyosema. Nimekaa nayo karibu mwezi mzima. Ungeniambia Januari, sijui ningepanda basi au ningeshuka. Sasa nimejua kwamba nitabaki huku. Si kwa sababu upweke umeisha, bado ninao, na Sista Mlezi aliniambia hata yeye anao wake, ana miaka thelathini nao. Nilidhani upweke ni dalili kwamba nimekosea mahali. Nikakumbuka wale vijana wako na mashine zao zilizokataliwa, kila mmoja chumbani kwake, na watu wanacheza. Nimeona naweza kukaa chumbani namna hiyo. Kwa hivyo usinisubiri, kaka yangu. Shusha lile godoro, ulilalie, ufungue dirisha.

Lakini wimbo lazima uumalize. Siwezi kuvumilia kwamba Hawe anaita na hakuna anayeitika.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba ni siku ya ndugu kututembelea. Nimemwomba ruhusa Sista Mlezi nimwitikie Hawe tena, na nimemwambia yote, na habari ya ng'ombe pia. Amekubali. Mama atakuja, panda basi moja naye umbebee mzigo. Lete sweta. Lete maikrofoni yako na ile spika ndogo. Zizi liko karibu na lango, na nitaomba zamu yangu ya kukamua siku hiyo nisibadilishiwe, ili uchukue na mlio wa mashine ukiutaka.

Ukifika langoni kuna mlinzi, atakuuliza umemfuata nani, kisha atataka kupiga kengele. Mwambie asiipige. Weka spika chini, washa ngoma, umwache Hawe aniite.

Kadzo